Askofu wa Ijumaa

Ansab, Maskati

Dada yangu Muhsina,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Unguja, wewe, shemegi na huyo mtoto niliyesikia kaanza kutambaa. Sisi hatujambo. Bibi miguu inamsumbua, ulimi bado haujamsumbua.

Uliuliza nafanya nini tangu nimalize skuli. Nasoma kitabu alichoniazima Mwalimu Noof, cha watawa wa Kikristo wa Ulaya, miaka elfu na mia tatu nyuma. Usicheke. Watu wale walijijengea nyumba ili wamwabudu Mungu kwa utulivu. Kisha akawajia askofu, mkubwa wa kanisa wa eneo lao, na farasi na wafuasi, akala akiba yao na kuwachagulia kiongozi bila kuwauliza. Kumfukuza hawakuweza, maana yeye tu ndiye aliyewabarikia mafuta ya ibada na kuwawekea mapadri. Basi habariki mpaka apewe zawadi. Sijapata kumdharau hivyo mtu nisiyemjua.

Ninayemjua yupo. Tangu wazee wetu watutoke, Ami Hatem huja kila Ijumaa baada ya sala na marafiki wanne, wakala wali wa Bibi mpaka ukoko, kisha akatupangia maisha. Mwezi wa sita alitangaza kwamba nitasoma biashara. Historia, alisema, ni kazi ya kuosha maiti waliokwisha kuzikwa. Marafiki wakacheka kwa zamu. Bibi akamuuliza kama amekuja kutuzuru au kututawala. Akajibu kwamba walii wangu, msimamizi wangu kisheria, ni yeye, na bila radhi yake hakuna chuo. Mimi, unanijua, nikaendelea kumimina kahawa.

Sasa nimekubaliwa chuo kikuu, historia, na Ami karidhia. Lakini hakulainika mwenyewe, Dada. Baadhi ya watawa wale, maaskofu walipowabana, walighushi hati kwa majina ya wafalme waliokwisha kufa. Mimi nimeghushi kwa jina la baba. Mwandiko wake nauweza. Niliandika, “Ndugu yangu Hatem, Hajar asome anachokipenda,” nikaiweka ndani ya kitabu cha dua alichoacha baba, Bibi akaikuta.

Nilingoja kumcheka akinywea. Ami aliisoma mara mbili, akaibusu, akalia mpaka marafiki zake wakaanza kutafuta viatu. Akasema miaka minne aliamini baba alikufa bado kamkasirikia, kwa kuwa hakumwachia hata neno.

Anaibeba mfukoni mwa kanzu. Kila Ijumaa humsomea mtu.

Ningependa kukwambia nanyamaza kwa kumhurumia. Nanyamaza kwa sababu nataka kwenda chuo.

Bibi anakusalimu na anataka karafuu. Mbusu mtoto. Barua hii ichane ukishaisoma, na uniandikie kabla masomo hayajaanza.

Mdogo wako,
Hajar