Malale ya Dada Kalunde

Jumatano jioni, 1934

Amesinzia tena, safari hii tonge la ugali likiwa mkononi. Dada Kalunde, aliyeniita kobe tangu utotoni! Shamba ninalolima mimi kutwa, yeye hulimaliza kabla jua halijapanda.

Nilimwambia ni malale, twende Tabora kwa daktari. Akafoka, "Wewe na masomo yako ya misheni! Nimechoka tu." Kisha akanishika mkono, sauti ikashuka. "Mdogo wangu, usimwambie jumbe. Wanaopakiwa kwenye lori la wagonjwa hawarudi."

Nikanyamaza. Akadhani nimekubali.

Nimetoka kwa jumbe sasa hivi. Lori litakuja alfajiri. Dada amelala hapa kando yangu, mdomo wazi, hajui lolote.

Atanichukia. Basi na anichukie, mradi awe hai.