Nimekuchagulia Fremu ya Kijivu

Daraja Mbili,
Kisii Mjini.
Jumanne, 6 Agosti 2024.

Mpendwa mpwa wangu Fardosa,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, bega limeacha kuuma na unakula kama zamani. Mama yako hajambo? Presha yake je? Na bibi yako bado anakaanga mahamri asubuhi, au magoti yamemkataza? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mpakia ndizi usiolalamika ni wa maiti. Baridi ya huku nimeizoea nusu. Nusu iliyobaki naivalia sweta mbili.

Kazi ipo, tena tele. Msimu huu ndizi zimejaa hadi malori yanapanga foleni tangu alfajiri, na mikungu ya mwaka huu sijui imelishwa nini, mmoja unatutoa jasho wanaume wawili. Mwaka wa nane sasa tangu nilipodandia lori la ndizi pale sokoni Kongowea, huko pwani, nikasema naenda mara moja tu. Sokoni bado wananiita Mswahili.

Sasa naona umekunja uso. Umefungua boksi ukitarajia ile fremu ya baiskeli, nyeusi yenye mistari myekundu, umekuta ya kijivu iliyochunika rangi. Tulia, mwanangu. Sikukosea. Nimeibandika barua hii juu yake makusudi, maana kwa simu ungelia, na wewe ukilia mimi sina nguvu. Ningekutumia ile nyeusi ili unyamaze. Najijua.

Uliniambia, "Mjomba, wewe kazi yako ni kuichukua tu, kuchagua nimeshachagua." Kweli, picha ulizotumiwa na muuzaji, Mwalimu Sylvanus Onsongo wa Kebirigo, zilionyesha fremu mbili za kaboni, zote saizi yako, zote zinakubali magurudumu yako, bei moja, na klabu yenu italipia moja. Nami nilikuwa tayari kuchukua tu. Lakini siku hiyohiyo mama yako alinipigia. Hajasahau pale Mazeras mwaka jana, fremu yako ya kwanza ilipokatika mteremkoni na wewe ukalala wiki sita na mfupa wa bega umevunjika. Aliniambia, "Rashad, ikimvunjikia tena safari hii, usije mazikoni. Maana wewe ndiye utakayekuwa umeishika kwa mikono yako ukasema ni nzuri."

Basi niambie, ungekuwa mimi ungelala? Mimi niliishia darasa la sita. Kaboni nilikuwa nalijua jina tu.

Nikamwomba jirani yangu Nyabuto anisindikize. Tunapakana ukuta. Kwao ni Tabaka, huchonga mawe ya sabuni, viboko na twiga na sahani za wazungu. Yeye husema jiwe bovu halina haya, litakuacha ulichonge wiki mbili ndipo likugawanyikie mkononi, kwa hiyo kabla ya kulitia patasi hulisikiliza kwanza. Nikaona mtu wa namna hiyo ananifaa. Tulienda Jumapili, kwa sababu Mwalimu ni Msabato, na Jumamosi kwake hata kikombe hakiuzwi.

Mwalimu ni mtu mwema, usije ukamchukia. Alishindana kwa baiskeli miaka mingi hadi kiuno kikamgomea. Alitupokea kwa chai na ndizi za kupika, mimi ninayeota ndizi nikilala! Fremu zilikuwa zimening'inizwa barazani kwa kamba. Ile nyeusi niliinua kwa kidole kimoja, nikajiona nimepata nguvu za ujana. Ya kijivu inaizidi kwa uzito wa chungwa moja, haizidi zaidi ya hapo.

Akanieleza kwamba nyeusi imetengenezwa kwa barabara tambarare, mwendeshaji analala mbele kabisa. Ya kijivu mbele imeinuka kidogo, bega halibebi uzito mwingi, na ndiyo aliyopandia milima ya huku hadi Itumbe na kurudi. Nikamuuliza mbona hukumwambia Fardosa hayo. Akasema, "Nilimwambia. Vijana hununua kwa macho." Hapo nikakumbuka hukuniambia kama ulikuwa umeambiwa.

Nyabuto akatoa sarafu ya shilingi ishirini, akaanza kuigonga ile nyeusi taratibu, ti, ti, ti, kutoka mbele kwenda nyuma, sikio limekaribia kama daktari.

"Kijana, hiyo si ngoma," Mwalimu akasema.

"Omogaka, mzee wangu, hata mimi sichezi. Jiwe ninaligonga hivihivi."

"Hilo nalo si jiwe."

"Ndiyo maana halijanidanganya bado."

Alipofika kwenye lile bomba jembamba la nyuma, upande wa mnyororo, sauti ikabadilika. Badala ya ti ikawa tu, kama kugonga mkate. Nyabuto akanikonyeza. Akaenda kwenye ile ya kijivu, naye huyo, ti, ti, ti, na katikati ya bomba la chini ikatoa sauti ileile ya mkate. Akainuka akatangaza, "Mswahili, twende nyumbani. Hii nayo imekufa!"

Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagikia suruali. "Hapo ndani kuna nati za chuma za kushikia chupa ya maji! Skrubu zake si hizo hapo nje? Daktari wako wa mawe anamshonea sanda mtu aliye hai!"

Fardosa, nilitamani ardhi inifiche. Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata mama yako. Pale nilisema basi, tunachukua nyeusi, tusimpotezee Mwalimu muda. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kamba.

Nyabuto hakuondoka, alirudi kwenye ile nyeusi. Amezoea kuchekwa na mawe, watu hawamtishi. Akasema, "Ngoja. Kama huku kuna nati, na upande wa pili nati yake iko wapi?" Akagonga bomba lile la nyuma upande wa kushoto, mahali palepale. Ti. Kulia, tu. Kushoto, ti. Kulia, tu. Mwalimu akasema labda ni rangi tu, imekaa nene. Nyabuto akaomba maji.

Mke wa Mwalimu, Mama Edinah, akaleta bakuli. Nyabuto akailowesha ile sehemu, akaipangusa kwa pindo la shati lake mpaka ikakauka, kisha akakaa akaitazama. Wao jiwe hulipima hivyo, ufa hunywa maji na huchelewa kukauka. Kukatokea mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kidole changu, umebaki na unyevu. Mwalimu akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

Mama Edinah akasema, "Sylvanus, si umuulize mwanao siku ile aliyorudi anachechemea akasema ameumwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe gani anauma?"

"Mimi nilijua. Wewe ndiye uliyempaka dawa."

Anyona, huyo mwanawe, ni mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili. Mwalimu akampigia, sauti tukaisikia sote. Akamuuliza kama ile baiskeli nyeusi iliwahi kuanguka. Akajibu: "Kwani imeonekana, Baba? Mbona niliipaka rangi vizuri sana!"

Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye ngazi akaniambia, "Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu, na leo nilitaka kumuua mmoja kwa kutoangalia." Nikamwambia hukujua. Akasema, "Kutojua si kazi ya mwalimu."

Aliingia ndani akatoka na msumeno wa chuma, akajifunga leso puani, maana vumbi la kaboni halivutwi, akaikata ile fremu nyeusi mbele yetu. Nilijaribu kumzuia. Akasema ikibaki nzima, Anyona ataipaka rangi tena. Ilipokatika ndipo nikaelewa kaboni ni kitu gani. Ni kama shina la mgomba, Fardosa! Tabaka juu ya tabaka, nyuzinyuzi zimebandikwa kwa gundi. Palipokuwa na ufa zile tabaka zilikuwa zimeachana, ukucha wangu uliingia katikati. Kwa nje yote ilikuwa inang'aa kama kioo. Kipande hicho nimekifunga kwa gazeti, kiko chini ya boksi. Usiamini maneno yangu, kitazame mwenyewe. Kisha mpe mama yako akishike.

Ya kijivu tuliigonga na kuilowesha kila mahali, saa nzima, mbele na nyuma, hata uma wake unaoshika gurudumu la mbele. Mwalimu naye alichukua sarafu yake akawa anagonga kama mwanafunzi. Michubuko unayoiona ni ya juu tu, ya kuegemezwa ukutani. Anasema usikaze skrubu kwa hasira, mpe fundi wa klabu mwenye spana ya kupima nguvu, maana kaboni ikibanwa sana hupasuka bila kupiga kelele. Na amesema ukiikataa, uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi, hana kinyongo. Kwa hiyo uamuzi bado ni wako. Mimi nimefanya nilichoweza. Ukikasirika, kasirika ukiwa mzima.

Mambo mengine ni mazuri. Kemuma, mke wa Nyabuto, amejifungua msichana, na wametaka jina la Kiswahili kwa heshima yangu. Nimewaambia wasubiri nifikiri. Mjomba wako hana mke, kwa hiyo nami nifurahie cha jirani. Maulidi nikijaliwa ruhusa nitashuka, na nikibahatika nitasimama barabarani siku ya mashindano yako nipige kelele kuliko wote. Ukishinda sema fremu, ukishindwa usiseme mjomba.

Nisalimie mama yako Hawo, mwambie nimeishika kwa mikono yangu na ninasema ni nzuri, anaweza kunialika mahali popote. Nisalimie bibi yako, nipigie magoti mbele yake aniombee dua. Jirani yenu Shariff umwambie ile redio yangu aliyoazima airudishe.

Mungu akulinde kwenye kila mteremko, akupe pumzi kwenye kila mlima. Nawe usimwachie yeye peke yake. Kila utakapotoka, toa sarafu uigonge fremu yako huku na huku kabla hujapanda, hata wenzako wakikucheka. Sauti yake ushaijua sasa. Siku itakapokujibu vingine, shuka, hata kama ni siku ya mashindano, hata kama wewe ndiye wa kwanza.

Wako akupendaye, hata ukiwa umenuna,
Mjomba Rashad