Chumba cha Nyuma, Chini ya Jiwe

Jumatatu, 6 Oktoba
Misa ya asubuhi. Zaburi. Kisha kazi ya Furaha, binti yangu, mwalimu wa fasihi. Ameniletea somo lake juu ya hadithi za kutisha, nimsahihishie Kiswahili. Ametaja viungo vyake: nyumba kongwe, mlango uliofungwa, mbingu zenye ishara, mfu asiyetulia, mwenye nyumba anayeficha jambo. Kazi safi. Makosa machache.

Jumanne, 7 Oktoba
Nilimwambia mifano yake ni ya ugenini: kasri, theluji. Akacheka. "Kasri ya nini, Papa? Huku kwetu manyumba yenyewe ilizikwa. Nitaandika ya kwetu."
Nilijuta kusema. Nyumba yetu ya kwanza imo chini ya hii. Volkano iliifunika, nasi tukajenga juu ya jiwe lililoganda, kama majirani, ili kiwanja kisipotee.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hadithi imefika. Kurasa nne. Bibi mzee amesahauliwa katika chumba cha nyuma, na moto unashuka mlimani. Furaha anadhani amebuni. Nimesoma mara mbili, kalamu mkononi. Radi ya mwanzo inatangulia mno, nimeikata. Mzimu hauhitajiki; nimeukata pia. Kilichobaki ni kweli.
Naogopa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jambo hili niliandike hapa kwanza. Siku ile ya volkano mke wangu alitangulia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na watoto, akijua nitamleta mama yake. Mimi nilidhani wameondoka wote pamoja. Nilitia kufuli mlangoni kwa ajili ya wezi, kama kila mtu mtaani. Sikuangalia chumba cha nyuma. Nilipomfikia mke wangu ng'ambo, moto ulikuwa umekwisha kuingia mtaani kwetu, Birere. Nikamwambia kwamba mama yake alinipotea njiani, katika msongamano.
Amesadiki hivyo hadi leo. Matanga ameyakataa, kwa kuwa aliyepotea njiani huenda yu hai. Kila mfanyabiashara atokaye mpakani Bunagana humwuliza habari za kikongwe mwenye kovu shavuni. Mimi husikiliza na kunyamaza. Padri mmoja alinisikia katika ungamo, akanitaka nimwambie mke wangu. Nilitafuta padri mwingine.
Nimefundisha katekisimu na jambo hilo kifuani.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimemwambia mke wangu baada ya Misa. Alikuwa akichambua maharage. Hakulia.
"Papa Furaha, ni weye ulifunga mulango?"
Nikasema ndiyo.
"Na ukaniacha niko nauliza watu miaka yote."
Akaendelea kuchambua. Furaha alikuwa mlangoni, alisikia. Jioni aliomba arudishiwe karatasi zake. Hatazisoma darasani.

Jumatano, 15 Oktoba
Hatusemezani. Chakula huletwa, hufunikwa, huachwa mezani. Nakula.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mke wangu ameniuliza jambo moja: chumba cha nyuma kilikuwa sehemu gani ya ua. Nimemwonyesha. Ameweka mawe manne penye pembe zake, kwa mikono yake. Nilitaka kusaidia. Alikataa kwa kichwa.

Jumamosi, 18 Oktoba
Matanga. Mikeka imetandikwa ndani ya yale mawe, na wanawake wameketi. Mke wangu alitaka nikae nje ya ua, pamoja na wageni. Nimekaa huko. Jirani yangu akanigeukia: "Muzee, pako si ndani?" Nikamjibu kwamba leo pangu ni hapa. Akanisogezea kiti.
Mke wangu alilitaja jina la mama yake kwa sauti, akamwombea raha ya milele. Wote waliitikia. Nami, kutoka nje, niliitikia.