Kisu Kilichokata Mshazari

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Na kifua je, bado kinakusumbua kwa lile vumbi la saruji? Mama ameniamuru nikuulize habari za kifua kabla ya kitu kingine chochote, nami nimetii ili anipishe niandike kwa amani. Amevuta kigoda hapa pembeni anachambua maharage, na kila nikiinua kalamu anataka kujua nimefika wapi. Sisi huku hatujambo. Goti la baba linamuuma asubuhi, kisha wateja wakianza kuingia linapona lenyewe. Mimi ni mzima, na mdomo wangu ni uleule unaoujua.

Barua yako imefika. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa nikaisoma tena. Unasema mwisho wa mwezi utatia sahihi mkataba wa kudumu pale ghalani, kwa sababu mkono wako si mkono wa bucha na baba alikwisha kulisema hilo mbele ya watu. Nakuomba, kwa haki zote za dada mkubwa, usitie sahihi kitu chochote mpaka uifikishe barua hii mwisho. Ukishamaliza fanya utakalo, wewe ni mtu mzima na ndevu zako. Ila isome yote, hata pale utakapoona nimeshikilia habari za kisu mpaka unachoka, kwa sababu habari hiyo inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Lile jisu kubwa la baba, lile la kupasulia paja, limevunjika. Lilinasa kwenye kiungo cha goti la ng'ombe, nikalipindua kwa haraka zangu, ncha ikabaki ndani ya mfupa. Baba aliomboleza mpaka mteja mmoja akampa pole akidhani tumefiwa. Alipotulia akasema tununue la kiwandani kama wenzetu. Mimi nikagoma. Yale ya kiwandani yanang'aa vizuri dukani, lakini ukiyapeleka kwenye mfupa yanajikunja kama yanaona haya. Nikasema nitakwenda kwa mhunzi aliye nyuma ya soko la mbao. Baba akajibu kwamba sawa, ila kazi ya kukipima hicho kisu itakuwa yangu, na kisipofaa nisimletee visingizio.

Mhunzi huyo hujapata kumwona. Ni mtu mfupi, mpana, masikio yameharibiwa na nyundo, kwa hiyo anakusalimu kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Unyenyekevu hajawahi kukutana nao. Alinieleza kwamba mapanga na majembe ya watu wote wenye akili yametoka mkononi mwake, na ingawa hajawahi kutengeneza kisu cha bucha, kwake hiyo ni kazi ya kupitishia muda. Akachagua kipande cha springi ya lori, akakitia motoni, na nikakaa pale nikimtazama anavyokifua. Sikuona kingine zaidi ya cheche. Alipokizamisha chuma kwenye mafuta, moshi uliojaa kile kibanda ulinitoa machozi, naye akaniambia kwa majivuno kwamba wengi hulia wakiiona kazi yake.

Ana sharti moja ambalo nililipenda papo hapo. Kisu ukichukue, ukifanyie kazi kwanza, kisha umrudie na nyama uliyoikata. Maneno hataki, ya sifa wala ya lawama. Anasema watu humdanganya kwa adabu, na nyama haijui adabu.

Basi nikakipima. Ungekiona, mdogo wangu! Urefu wake ni toka kiwiko changu hadi ncha ya vidole, bapa pana, tumbo limejaa kidogo karibu na ncha ili kisu kiteleze chenyewe kwenye mnofu. Kinaonekana kizito, lakini ukikilaza juu ya kidole pale mpini unapoanza, kinatulia bila kuinamia mbele wala nyuma. Ukikigonga kwa ukucha kinalia sauti moja safi, maana yake hakuna ufa ndani. Mpini ni wa mti mgumu, umechongwa kiuno katikati, haukutelezi hata mikono ikijaa mafuta. Juu ya mgongo bado kuna alama za nyundo, hakuzisugua, naye anasema hizo ndizo sahihi yake. Nilinyoa nacho vinyweleo vya mkono. Nilipasua mbavu, nikatenganisha paja zima, nikakifuta, na jioni makali yalikuwa yaleyale ya asubuhi bila hata kugusa kinoo. Nilimwambia mama kwamba nikipewa mume wa namna hii sitauliza mengine. Mama akajibu kwamba mume wa namna hiyo angenikimbia.

Kasoro ikaja kwenye steki. Kila kipande nilichokata kilianza kinene juu na kumalizikia chembamba chini. Nikalegeza mkono, nikakaza mkono, nikabadili namna ya kusimama, wapi! Kisu kilikuwa na njia yake, na njia yenyewe ilikuwa ya upande. Yule mama wa hoteli, ambaye hana dogo, aliinua kipande kimoja mbele ya foleni yote akauliza kama ninamuuzia nyama au kabari ya kuzuilia mlango. Watu wakavunjika mbavu. Na baba, pale kwenye kiti chake, akacheka kuliko wote, akasema kumbe Mshazari karudi kazini.

Najua jina hilo halikuchekeshi. Walikupachika wateja kwa sababu nyama yako ilikwenda mshazari, baba akalidaka na kulitumia mpaka siku alipokuambia uvue aproni. Nami nilikuwepo siku ile, nilicheka pamoja nao. Safari hii nilipolisikia sikucheka. Nilikitazama kile kipande, na nakuapia kilikuwa nyama yako hasa, nene juu, nyembamba chini. Nikajiuliza inakuwaje mimi, niliyekata nyama miaka yote hii, nikate kama wewe kwa sababu ya kubadili kisu tu.

Nikafunga vipande kwenye karatasi, nikamfuata mhunzi. Nilimpa vidonge vyake kabla hata hajaniambia karibu. Nikamwambia kisu chake kina kila kitu isipokuwa uaminifu. Akavitazama vile vipande, akavigeuza, akanitazama mimi kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema kisu hakina tatizo, tatizo linakishika. Akalaza mnofu juu ya ubao na kukata mwenyewe. Ndugu yangu, vile vipande vilikuwa kama kurasa za kitabu, huwezi kuchagua kilicho kinene. Nikampokonya kisu, nikakata, kabari. Akanipokonya, akakata, kurasa. Tulikwenda hivyo huku tukirushiana maneno, mpaka fundi seremala wa jirani akaja kuchungulia akidhani tunapigana.

Ndipo nilipoacha kutazama nyama nikatazama mkono. Mhunzi alikuwa anakata kwa mkono wa kushoto, kama wewe. Nilipomwambia hivyo akajibu kwa ukali kwamba tangu azaliwe ana shoto, na nyundo ameishika kwa kushoto mbele ya macho yangu, kwani nilikuwa natazama nini. Nikamwambia cheche. Halafu nikamwomba anieleze makali ameyanoa vipi. Alianza kueleza kwa mbwembwe zake, kwamba kisu cha minofu huchongwa upande mmoja na kuachwa bapa upande wa pili, kwamba yeye hujaribu kila kisu mkononi mwake mpaka kikate sawasawa. Alipofika hapo akakiinua kisu kwenye mwanga. Akakitazama kisu, akautazama mkono wake, akaketi juu ya fuawe, na kicheko kilichomtoka kilitikisa mabati. Majembe na mapanga hayamuulizi mtu mkono wake. Hiki kilikuwa kisu chake cha kwanza cha kukata steki, naye alikuwa amekinoa kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wake ni wa kushoto.

Akataka kukisugua upya saa ileile. Nilimshika mkono nikamwambia asithubutu. Mkobani nilikuwa na kisu kimoja cha bucha, kimojawapo cha vile anavyonoa baba. Nikampa, nikamwomba akate. Akakata. Mdogo wangu, ilitoka kabari. Nene juu, nyembamba chini. Akajaribu tena, kabari. Yule mtu ambaye muda mfupi tu alikuwa anakata kurasa za kitabu alikuwa amegeuka kuwa Mshazari. Machozi yalinitoka, na safari hii hapakuwa na moshi.

Umeelewa? Pale kwetu kunoa ni kazi ya baba peke yake. Anasugua upande wa kulia kwa nguvu, wa kushoto anapapasa tu, kama alivyofundishwa. Kila kisu ulichowahi kukishika bucha kilikuwa kinakwenda kinyume na mkono wako, na sisi tukakucheka wewe badala ya kukitazama kisu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba mbele ya mama, bila kumung'unya. Nilimpangia vipande mezani, vya kisu hiki na vya kile, vya mkono huu na vya ule. Baba alivigeuza kimoja kimoja. Kisha akasema goti linamuuma, akaenda kulala hata chakula hakugusa. Nilikasirika sana. Nilidhani ni kile kichwa chake kigumu.

Sasa hapa ndipo nilipotaka ufike. Asubuhi yake nilichelewa kidogo, na nilipoingia bucha nilisikia mtu anaimba kwa sauti ya chini. Baba alikuwa kwenye gogo la kukatia nyama. Alikuwa amenipa mgongo, amevaa aproni, na kisu kipya kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Alikuwa anakata taratibu, kama mtu anayeijaribu njia aliyoipita zamani, na vipande vilikuwa vinalala sawasawa kimoja baada ya kingine. Aliponiona hakukificha kisu. Aliniambia nifunge mlango kwanza.

Baba ana shoto, mdogo wangu. Amezaliwa nayo kama wewe. Alinieleza kwamba alipojifunza kazi walikuwa wanasimama bega kwa bega kwenye meza ndefu moja, na mwenye shoto aligongana viwiko na jirani yake, visu vikiwa mikononi. Bwana wake akamwambia ageuze mkono au aondoke. Akaugeuza. Alijikatakata, akalia kwa siri, akaendelea mpaka mkono wa kulia ukatii, na akaapa hatalitaja tena. Ulipokishika kisu kwa kushoto mara ya kwanza, anasema alijiona yeye mwenyewe kwenye meza ile na akashikwa na hasira asiyoijua imetoka wapi. Alingoja ugeuze mkono kama alivyougeuza yeye. Hukugeuza, naye akaona ni rahisi kusema huna mkono kuliko kusema yeye wake waliuchukua. Lakini habari ya kunoa anasema hakuijua, na mimi namwamini, kwa sababu alipolifikia hilo alikiweka kisu chini akajifuta macho kwa aproni.

Nilimkimbilia mama na habari hiyo kama niliyegundua dhahabu. Mama hakuacha hata kufagia. Aliniuliza nilikuwa naishi nyumba gani nisimwone baba yangu akipiga mswaki na kugongomea misumari kwa kushoto miaka yote hii. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na mambo ya visu yeye hayajui.

Basi hukumu yangu juu ya kisu ni hii. Kwangu mimi ni kibaya kabisa, na sikirudishi. Mhunzi ananitengenezea kingine cha mkono wa kulia, na kila nikipita ananipigia kelele kwamba cha pili kitakuwa kizuri kuliko cha kwanza, jambo ambalo anasema lilikuwa haliwezekani. Hiki ni chako. Gogo la pili limekwisha kuwekwa upande wa dirishani, mbali na kiwiko changu. Mkataba wa ghalani unautia sahihi au hautii, hilo ni lako. Ila kama ulikuwa unautia kwa sababu ya mkono wako, basi sababu hiyo imekwisha, na nimeifuta mimi mwenyewe.

Mama anakusalimu, na anasema usije na nguo chafu. Mhunzi naye anamsalimu mwenzake wa shoto asiyemjua. Salamu za baba sikutumii. Nilimwambia nikuandikie kwamba anakuomba radhi, akakataa katakata, akasema neno hilo haliandikwi na mtu mwingine. Anataka alitamke mwenyewe, umesimama mbele yake pale bucha, mbele ya foleni ileile, na wewe ndiye uwe umeshika kisu.

Ni mimi dada yako,
anayekungoja