Vipindi Vyangu Vinne vya Alasiri

Sanyuanli, Guangzhou,
27 Aprili 2025.

Mpendwa Shangazi Leokadia,

Shikamoo. Pokea salamu za Pasaka, najua zimechelewa. Vipi goti lako, limekubali kupanda ngazi za kanisani mwaka huu? Na duka linaendeleaje na hizo mvua za Bukoba? Sisi huku afya si haba. Mama anaendelea kulea watoto wa chekechea pale shuleni kwetu, na bila kazi yake hiyo nisingesoma shule ya watu wenye uwezo. Baba yupo, kila siku anashinda kwenye jengo la Tianxiu na mawakala wake wa mizigo.

Ningekutumia sauti kwenye simu, ila wewe sauti zangu unazifungulia dukani mbele ya wateja, na haya ninayotaka kusema si ya wateja. Mama Derick anarudi huko Jumanne, nimemwomba aibebe barua hii.

Shangazi, wiki iliyopita ulinitumia ujumbe. Ulisema umesikia kwa baba kwamba chuo kimenikatalia uhandisi wa maji, ukauliza mtoto mwenye akili kama mimi nilikimbiaje hesabu, au uvivu nimeuokota huku China. Niliusikiliza mara tatu. Uliniuma, sitakuficha.

Sikukimbia hesabu.

Mwaka wa mwisho wa shule yetu, ambao ni kama kidato cha sita cha huko, mwanafunzi anajipangia ratiba. Anachagua masomo, na anaruhusiwa kubakiza vipindi vichache visivyo na mwalimu, apumzike au ajisomee. Mzazi akiweka sahihi, anaweza hata kutoka getini. Mshauri wetu wa masomo, Bi. Liang, alikaa nami Juni mwaka jana tukapanga: hesabu za juu, fizikia, kemia, na vipindi viwili vya kupumua kila wiki. Alisema bila hivyo viwili nitachoka njiani, na vikizidi hapo vyuo vitajiuliza nilikuwa nafanya nini.

Nikaipeleka fomu kwa baba ofisini. Unamjua mdogo wako. Miaka kumi na moja anasafirisha nguo, na kila karatasi kwake ni orodha ya mizigo. Aliisoma kwa kidole, akauliza kama mwenye masomo magumu anapewa cheti tofauti. Nikamwambia cheti ni kimoja kwa wote. Akasema, "Sasa hizi kilo zote za nini? Kago inafika pale pale. Punguza mzigo, mama." Akakata hesabu za juu na fizikia kwa kalamu yake nyekundu, akaniwekea upigaji picha na elimu ya afya, ambayo vipindi vyake ni vichache. Vile viwili vya kupumua vikawa vinne, vyote vya alasiri, na sahihi ya kutoka getini akaiweka hapo hapo.

Mama alisema neno moja tu, kwamba Bi. Liang hawezi kuwa alipanga vile bila sababu. Baba akamjibu kwamba Bi. Liang hana wateja wanaomsubiri kwenye maduka ya Guangyuan Xilu. Ni kweli, hana.

Kilichofuata ni kwamba Jumanne mpaka Ijumaa napanda metro na sare yangu, naenda kwenye maduka ya jumla ya nguo kuwatafsiria baba na wateja wake wanaotoka nyumbani. Laobani, mwenye duka, anataja bei. Namwambia "tai gui le", ni ghali mno. Ananijibu "meiyou", punguzo hakuna, tunaanza upya. Na mwanzoni nilifurahi, sikatai. Watu wazima wanakuita mwalimu, wanakununulia chai ya maziwa, nani hapendi. Muhula wa kwanza nikapata A tupu, baba akazirusha kwenye kundi la ukoo, nawe ukapiga vigelegele vya dakika nzima. Zilikuwa A nyepesi, Shangazi. Mimi nilijua.

Baba alidhani chuo ni kama forodha ya siku njema, wanasoma kibandiko wanapitisha. Wao walifungua balo wakakagua kilichomo. Wameandika kwamba alama zangu ni nzuri, lakini asiyesoma hesabu za juu na fizikia mwaka wa mwisho hawawezi kumpa uhandisi. Wananipa nafasi ya biashara. Mumbua, rafiki yangu Mkenya ambaye mwaka juzi mimi ndiye niliyekuwa namfundisha hesabu, amepata uhandisi. Vipindi vyake viwili alikuwa analala maktaba.

Baba amefurahi. Anasema biashara si ndiyo yetu. Tangu hapo sijaongea naye vizuri, na nikiongea najisikia sauti ina ukali ambao mtoto hapaswi kuwa nao kwa mzazi. Nina hasira naye. Nina hasira na mimi mwenyewe pia, maana sikusema hapana hata siku moja.

Sasa ombi langu. Bi. Liang amenipigania, na shule imekubali nirudie mwaka wa mwisho na masomo yale mawili. Inatakiwa sahihi ya baba kabla ya tarehe 15 Mei. Yeye anauliza aibu ya mtoto kurudia darasa ataiweka wapi. Hamsikilizi mtu yeyote ila wewe dada yake uliyemlea. Mpigie. Usimbembeleze, mwambie.

Na ukiona uzito, kumbuka yale magauni ya watoto ya Krismasi. Ulijisifu mpaka kanisani kwamba hakuna hata moja lililorudishwa kwa zipu mbovu. Yalikuwa mia mbili na arobaini, na zipu zake zilijaribiwa moja moja. Nilizijaribu mimi, nimekaa juu ya balo kwenye korido, alasiri nne mfululizo za Oktoba, wakati Mumbua na wenzake wako kwenye hesabu za juu. Sikulaumu, hukujua. Sasa unajua.

Nisalimie sana dada Sarah, na Joachim umpe hongera ya kipaimara. Babu Jovin mwambie redio yake nimeipata, inakuja. Mungu akulinde, akuponye goti, na duka lako lisikose watu.

Ni mimi nikupendaye, hata leo nikiwa nimenuna,

Agripina Revocatus.

N.B. Mama Derick atakukabidhi pia yale magauni sita ya mfano uliyomwagiza baba. Zipu zote ni nzima. Nilizijaribu Alhamisi alasiri.