Zulia la Bi. Mahnaz

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Upepo tangu asubuhi. Vumbi mpaka ndani ya chai. Bosi kaitisha kikao cha dharura saa mbili na nusu – mwenyewe akaingia saa nne. Jambo moja tu: Mwirani anakuja! Mwanamke. Kazi yake ni kukarabati michoro ya kale ya ukutani huko kwao Shiraz. Atakuwa nasi wiki mbili. Atafungua maonyesho madogo ya picha na vitu vya kwao hapa Dodoma mjini, kisha atakwenda Kolo, kule Kondoa, kuona michoro yetu ya miambani.

Nimeteuliwa kuwa mwenyeji wake. Mimi! Siyo Obedi. Obedi alikohoa. Nafasi ya kaimu mkuu wa kitengo iko wazi tangu Juni na tunaoinyemelea ni sisi wawili. Kila asubuhi tunasalimiana kwa furaha isiyo ya kawaida.

Maswali ya wajumbe: atakuja na walinzi? Tukimuuliza habari za vita atakasirika? Hakuna aliyeuliza hiyo michoro ikoje. Hata mimi. Sijawahi kufika Kolo. Miaka kumi na moja afisa utamaduni! Hili libaki humu humu.

Jumatano, 4 Septemba

Amefika. Anaitwa Bi. Mahnaz. Rika langu, arobaini na kitu, mtandio wa kijani, viatu vya kupandia milima. Kiswahili kasoma chuoni kwao miaka miwili, na kimenyooka kuliko changu. Kamwamkia Bosi shikamoo huku kainama. Bosi wetu huyo, Mzee Bartolomayo, akavimba kama andazi.

Bosi kaanza kwa uzito: "Vipi hali ya mafuta huko kwenu?"

Bi. Mahnaz akafikiri. "Ya kupikia?"

Tukacheka wote. Bosi alichelewa kidogo. Akauliza tena, vipi usalama, wanalala kweli watu? Akajibu kwamba yeye halali kwa sababu jirani wa ghorofa ya juu ana bomba linalovuja, na dari ya chumba chake imeota ukungu. Anakarabati kuta za wafalme waliokufa zamani, yake inamshinda. Bosi aliandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini.

Chai ikaja, na sambusa. Nikamkaribisha. Akasema hapana, asante, msijisumbue. Basi hatukujisumbua. Obedi akala zake na za mgeni. Nimeandika kwenye ripoti: "Wairani hula kidogo sana."

Ijumaa, 6 Septemba

Siku ya maonyesho. Bango tuliagiza "Sanaa za Iran", likarudi "Sanaa za Imani". Hapakuwa na muda. Kwa ajili hiyo alikuja mchungaji mmoja na shehe mmoja. Wote wawili waliondoka wameridhika.

Picha nzuri. Daraja la matao, watu wamekaa chini yake wanaimba jioni. Familia imetandika kitambaa kando ya barabara kuu, birika linachemka, malori yanapita – anasema kwao hiyo ndiyo likizo, penye mti mmoja watu wanashuka na sufuria zao. Mheshimiwa mmoja akazunguka ukumbi mzima, akanivuta pembeni. Anauliza picha za makombora ziko wapi.

Kulikuwa na kitabu cha mashairi. Kwao mtu akiwa na jambo zito anafumba macho, anakifungua, anasoma ukurasa uliojitokeza. Obedi kafumba macho palepale, mbele za watu! Ukatoka ukurasa wa mtu anayelia mlangoni kwa mpenzi wake. Obedi anasema maana yake ni ukaimu.

Na zulia. Dogo, la sufu, limefumwa kwa mkono, jekundu kama udongo wa Kondoa. Simba wanaofanana na paka. Mbuzi. Mwanamke kainua mikono. Hakuna mstari hata mmoja ulionyooka, na ukingo mmoja nyuzi zake ni tofauti. Nikasimama hapo. Nikasema, zuri jamani! Nikazunguka, nikarudi, nikasema tena.

Bi. Mahnaz akaweka mkono kifuani. "Ni lako. Pishkesh."

Nilisikia "pishi keshi", nikadhani anataka kutupikia. Akanifafanulia: ni zawadi, lichukue, hata halikustahili wewe.

Nikasema asante sana. Nikalikunja.

Alibaki amesimama, mkono bado uko kifuani, macho yamelowa kidogo. Furaha ya kutoa! Kuna watu wana moyo.

Jumamosi, 7 Septemba

Zulia liko sebuleni. Mtaani kwetu Chang'ombe hakuna siri – kabla ya saa tano majirani watatu wamekuja kuazima chumvi. Nikawaeleza kidogo kuhusu uhusiano wa kimataifa.

Mke wangu Hilaria kasubiri waondoke. Kaligeuza. Kwa nyuma kuna kipande cha kitambaa kimeshonewa, na maandishi ya mkono, yale yao.

"Baba Yohane, hiki kitu kina mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe ni mimi.

"Mtu kakujua Jumatano, Ijumaa anakupa kitu kama hiki? Wewe una nini?"

Swali la kuudhi kutoka kwa mke wa mtu.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimesikia Obedi kampelekea Bosi ndoo ya zabibu na majogoo wawili. Majogoo! Nikaona sasa vita ni vita. Saa moja asubuhi nimelibeba zulia begani mpaka kwa Bosi, nyumbani Ilazo.

Kalipapasa. "La mashine?"

"La mkono, mzee."

Kaligeuza kutafuta lebo, akakiona kile kitambaa. "Ahaa. Hii ndiyo certificate." Akasema suala la ukaimu litazungumzwa mgeni akishaondoka. Kisha: "Nakuona, Methodi."

Nakuona! Njia nzima nimelirudia neno hilo.

Hilaria karudisha mkeka wetu wa zamani sebuleni. Anapika kwa kelele.

Jumatano, 11 Septemba

Kolo. Niandike yote, maana kichwa kinaniuma.

Mwongozaji wetu anaitwa Joha, mwenyeji wa palepale. Bi. Mahnaz kapanda kilima kama mbuzi. Mimi nimepanda kama afisa. Nilipofika juu wameshakaa chini, kimya, wanatazama jiwe. Watu wembamba, wekundu, vichwa vikubwa. Wengine wameinua mikono. Nilisahau hata kupumua. Miaka kumi na moja nimesaini barua kuhusu jiwe hili!

Bi. Mahnaz akaniuliza rangi ilichanganywa na nini. Nikamwambia utafiti unaendelea. Joha akajibu: udongo mwekundu na mafuta ya wanyama, ndivyo wanavyofundishwa. Tangu hapo hakuniuliza tena kitu.

Kisha Bi. Mahnaz akanyoosha kidole bila kugusa. "Mama yangu alifuma mtu kama huyu. Kwenye zulia. Na hakuwahi kutoka nje ya mkoa wetu."

"Zulia lipi?" nikauliza.

"Lile." Akatabasamu kwa adabu. "La mwisho. Alikufa kabla ya kumaliza ukingo. Nimemalizia mimi, vibaya. Kile kitambaa cha nyuma ni jina lake."

Upepo ulivuma sana pale juu. Nikashukuru, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Tukashuka kwa mama yake Joha. Ugali wa uwele, mlenda, kuku. Mama Joha akasema karibu mwanangu. Bi. Mahnaz: hapana, asante, nimeshiba. Mama Joha akasema haya, akaanza kuondoa sahani – Bi. Mahnaz akaidaka! Mikono miwili! Akacheka mpaka machozi, sisi tumeduwaa.

Ndipo akaeleza. Kwao kuna kitu kinaitwa taarofu. Ni adabu. Mgeni anakataa, mwenyeji anang'ang'ania, mara ya tatu ndipo mtu anakula. Dereva wa teksi anasema acha tu, si kitu, na ole wako ushuke bila kulipa. Mwenye duka vilevile. Tangu Jumatano iliyopita anasubiri mtu wa Dodoma amkaribishe mara ya tatu. Anaishi kwa biskuti.

"Na mtu akisifu kitu chako," akasema, "lazima umpe. Naye lazima akatae." Alikuwa anauangalia mlenda, siyo mimi.

Mama Joha akauliza, "Na asipokataa?"

"Huyo... kwetu hajatokea."

Mama Joha akasema hapa kwao mtu akiambiwa karibu anakaa anakula, akikataa ameshiba, hakuna kubembelezana. Bi. Mahnaz akasema vizuri, amejifunza. Akajipakulia tena bila kuambiwa, na paja la kuku juu.

Mimi sikula. Hakuna aliyening'ang'aniza.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimekwenda gesti kwake asubuhi. Nimejikaza. Nikamwambia kuhusu lile zulia, nadhani sikuelewa, nitalirudisha.

"Hapana! Ni lako."

Nikasema lazima.

"Haiwezekani kabisa."

Nikasema tafadhali, nakuomba. Akainamisha macho. "Kama unasisitiza sana..." Mikono ikaanza kunyooka.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sinalo!

Nikaacha kusisitiza. Nikasema basi, sawa, kama hutaki. Nikaondoka haraka. Nilimwacha mikono iko nusu njiani. Mungu wangu.

Nimemwambia Hilaria yote. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. "Nenda kalichukue," akasema. Akaendelea kuchagua mchele.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeingia kwa Bosi nimeshaipanga sentensi yangu. Akaniwahi. Jumapili anamwandalia mgeni chakula cha mchana kwake. Anataka mwaliko wa kwenda Iran, ziara ya kubadilishana uzoefu, yeye na mama. Uzoefu gani, hajasema. "Wewe umekaa naye, Methodi. Nifundishe adabu zao. Nisiaibike."

Nikafungua mdomo. Sentensi yangu ilikuwa pale pale ulimini. Ikatoka nyingine.

Nikamwambia: mkono kifuani, mzee. Mgeni akisifu kitu chochote, unasema "Ni lako, pishkesh".

Tukafanya mazoezi. Nikaisifu saa ya ukutani. "Ni lako, pishikeshi!" Nikaisifu kalamu yake. "Ni lako, pishikeshi!" Nikanyoosha mkono kwa mfano tu, akaivuta kalamu haraka.

"Lakini atakataa?"

"Mara tatu, mzee. Ndiyo mila yao."

"Una uhakika?"

Nikasema ndivyo vitabu vinavyosema. Habari za paja la kuku la Kolo sikuzigusa.

Sijui nimefanya ujanja au woga. Hilaria anasema vyote viwili, na kwamba Jumapili anakuja na mimi.

Jumapili, 15 Septemba

Naandika nyuma ya nyumba ya Bosi, nimeegemea tangi la maji. Nimeaga kwamba nanawa mikono.

Zulia lilikuwa katikati ya sebule. Bosi kasimama juu yake na viatu, glasi ya juisi mkononi, anapokea wageni. Obedi yupo, kaleta jogoo mwingine. Bi. Mahnaz akaingia, akavua viatu mlangoni, akaona.

Akaniangalia. Muda mrefu. Sikupata pa kuweka macho, nikamwangalia jogoo wa Obedi.

Mama Loisi, mke wa Bosi, akasema karibu ukae. Bi. Mahnaz hakukaa. Akamwambia Bosi, polepole, "Mzee, zulia lako ni zuri sana."

Bosi mkono kifuani – upande wa kulia, lakini basi. "Ni lako! Pishikeshi!" Akanitupia jicho, anatafuta maksi.

Jokofu linanguruma. Nikasikia Hilaria anavuta pumzi.

"Asante sana, mzee wangu," akasema Bi. Mahnaz. "Nimelipokea."

Akapiga magoti. Akashika ule ukingo wa nyuzi tofauti, akaanza kukunja.

Bosi akacheka. Ha ha. Akasubiri. Akacheka tena, moja tu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mbele ya watu wote: "Methodi, hii ni mara ya ngapi?"

Nikasema naomba ninawe mikono.

Nilipogeuka mlangoni, Hilaria alikuwa ameweka sahani yake mezani. Kapiga magoti upande wa pili. Sasa wanakunja wote wawili, nawaona dirishani. Wanakwenda sawa, kama watu waliozoea kufanya kazi pamoja.

Wamefika kwenye viatu vya Bosi. Wamekomea hapo. Bi. Mahnaz anainua uso, anamsubiri kwa heshima zote. Hilaria naye anamwangalia, ila bila hizo heshima. Mama Loisi anamwambia mumewe asogee, chakula kinapoa.

Hajasogea. Anageuka huku na huku na glasi yake. Anaita jina langu, na la baba yangu.