Tabaka la Kwanza

Jumatatu, 7 Julai 2025
Ukungu mpaka saa nne. Nimekwenda Soni kwa baiskeli kununua gazeti, nimerudi nakohoa. Evelina amesikia kikohozi kabla ya kengele. Uamuzi wake: nikikohoa tena, baiskeli inakwenda Korogwe kwa kaka yake Benjamini, kwenye joto. "Baba Nikodemo, una miaka sitini na nane. Unashindana na nani?"

Na mke wangu huyu hatishi bure. Bila baiskeli nitabaki mzee wa kuchambua maharage barazani!

Jumanne, 8 Julai
Kosa nimelipata. Nilivaa koti zito juu ya fulana nene. Kupanda kutoka Soni nikaloa jasho; barabara ilipoteremka kidogo, upepo ukaingia — baridi mpaka mifupani. Dawa ni matabaka matatu: jepesi mwilini, linalokauka upesi; kisha sweta la kutunza joto; na juu, koti jembamba la kuzuia upepo. Ukipanda fungua zipu, ukishuka funga. Kinachotia joto hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo.

Nimemweleza Evelina. Akaendelea kupepeta mchele. Nikamweleza jirani, Twaha, anayepeleka kabichi Soni kwa baiskeli. Huyu alisikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo Mwalimu unataka kuvaa kama kabichi."
Nikamwambia sijawahi kusikia kabichi ikikohoa.

Alhamisi, 10 Julai
Koti nimepata mitumbani. Shida tabaka la kwanza: fulana zangu zote nzito. Kwenye kamba ya nguo — kanga nyekundu ya Evelina, imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba kama chujio la chai. Nimejifunga kifuani, sweta juu, koti juu. Soni na kurudi, mkavu! Sikukohoa hata kidogo. Nitairudisha kesho.

Jumamosi, 12 Julai
Sijairudisha. Baridi imezidi.

Evelina anaitafuta. Doti imebaki upande mmoja, na kesho ana kwaya. Anasema labda imepeperushwa. Nikakubali upesi, nikamfafanulia jinsi upepo wa Julai unavyopanda kutoka bondeni. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa — ila hayakuihusu kanga.

Twaha alikuwa anapita. "Shikamoo, mama. Upepo wa siku hizi unapenda nyekundu." Huku ananitazama kolani!

Jumanne, 15 Julai
Naandika kwenye benchi la kituo cha afya. Asubuhi nilikuwa nimeshavaa, mkono kwenye usukani, nikakohoa. Mara moja tu! Vumbi la maharage. Evelina hakubishana. Akanileta nilivyo, hata kubadili nguo hakuniruhusu. Tumekubaliana: daktari akisema kifua ni kizima, baiskeli inabaki.

Kifua ni kizima, sina wasiwasi nacho.

Muuguzi amepita: wa kifua wote wakiingia wavue mpaka kiunoni. Nikauliza kama kile chombo cha daktari hakisikii juu ya nguo. Evelina akawahi kujibu: "Kitasikiaje, na hewa imenaswa katikati?"

Kumbe siku ile alisikiliza.

Nimemwomba anisubiri hapa, ndani ni padogo. Jina langu limeitwa. Yeye ndiye aliyesimama kwanza. "Twende, Baba Nikodemo. Nitakushikia nguo, moja moja."

Anajitengeneza mtandio mabegani. Ndipo naona — nyekundu. Upande wa pili wa doti.